Msitulishe Misemo: Kwa Mnaoshika Juliasi Kaizari kwa Mara ya Kwanza

Msimu wa mazoezi ukifunguliwa, dalili ni zile zile. Mwongozaji mgeni anaingia ukumbini na kitabu kilichopakwa kalamu ya njano, na kila palipopakwa pana msemo. Kosa ni letu, si la nyota. Mambo ya binadamu yana kujaa na kupwa. Mwoga hufa mara nyingi kabla ya kifo chake. Misemo hiyo inahamia kwenye bango la onyesho, kwenye fulana za kikundi, kwenye status za WhatsApp. Kisha mwigizaji akifika kwenye mstari wenyewe anasogea katikati ya jukwaa, anainua kidevu, na kuusoma kama anayesoma jina la kanga dukani.

Wadogo zetu, tunawapenda, lakini uvumilivu nao una kiasi. Tamthilia hizi hazikuandikwa ziwe kapu la methali. Kila msemo una mdomo ulioutoa, mdomo huo una njaa yake, na kurasa chache mbele matendo ya msemaji yanamsuta. Mkiung'oa msemo mkaacha vilivyouzunguka, mmebeba ganda mkaacha nazi.

Haya ni kwa wanaoandaa Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare kuhusu mauaji ya Caesar, iwe kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere (ya kwanza ilitoka 1963, akairekebisha na kuitoa tena 1969 kwa jina hilo) au kwa tafsiri mliyojipikia wenyewe. Mwenye Hamlet, Othello au Oedipus mkononi naye akae, yapo yake. Hatutaeleza nani kamchoma nani. Kama hujui, kasome kwanza.

1. Msemo mmoja, maswali matatu. Nani anasema? Anataka nini kwa anayeambiwa? Na onyesho lake linalofuata anafanya nini? Andikeni majibu pembeni ya mstari kwa penseli kabla hamjaanza kupanga miondoko.

Mstari wa nyota ni wa Cassius, tendo la kwanza, onyesho la pili. Anamwambia Brutus kwamba tukiwa wanyonge tusizilaumu nyota, tujilaumu. Maneno matamu. Ila Cassius saa hiyo anatafuta mshirika wa mauaji, na akibaki peke yake mwishoni mwa onyesho anatuambia bila aibu kwamba usiku huo huo atarusha madirishani mwa Brutus barua zenye miandiko tofauti, zionekane zimetoka kwa wananchi mbalimbali. Sasa rukeni hadi tendo la tano. Ni asubuhi ya vita pale Philippi, na ni siku yake ya kuzaliwa. Cassius huyo huyo anakiri kwamba zamani alikuwa mfuasi wa mwanafalsafa Epicurus, hakushughulika na ishara, ila leo ameanza kuziamini kidogo, maana tai wawili waliowasindikiza toka Sardis wametoweka na juu ya jeshi wanazunguka kunguru na mwewe. Mwigizaji anayeukumbuka mstari huu wa tendo la tano hawezi kuutoa ule wa nyota kama mhubiri. Atautoa kama mtu mwenye mali ya kuuza na mteja anayesitasita.

Mstari wa kujaa na kupwa ni wa Brutus, tendo la nne, hemani. Mtu wa pwani, anayejua bamvua na maji mafu, anauonja kuliko mtu wa bara, na ndiyo maana unamlevya. Lakini Brutus anautumia kumshinda Cassius kwenye hoja ambayo Cassius yuko sahihi: tukae hapa, adui atembee achoke mwenyewe. Brutus anasema twende Philippi sasa, maji yamejaa. Wanaenda, na wote wawili hawarudi. Ule ni msemo wa mtu anayekosea kwa ufasaha.

Polonius, katika Hamlet, anamwambia mwanawe asikope wala asikopeshe, na juu ya yote awe mkweli kwa nafsi yake. Tendo la pili linapofunguliwa, anamtuma mtumishi wake Reynaldo aende Paris akampeleleze mwana huyo huyo, na anamfundisha vijimambo vya kumsingizia ili wenyeji wafunguke. Iago anamwambia Othello kwamba jina jema ndiyo johari ya roho. Tendo moja kabla amemwambia Cassio kwamba sifa ni kitu bure, huja bila kustahili na huondoka bila kosa. Portia wa Mabepari wa Venisi anatoa hotuba ya rehema ambayo kila mtu ameikariri, na kabla kesi haijaisha Shylock ameamriwa kuacha hata dini yake. Inatosha. Mmeshaelewa.

2. Brutus si malaika, ni mwenyekiti. Mnampa vazi jeupe, sauti ya chini na mwanga laini, halafu mnashangaa hadhira inasinzia tendo la pili. Hesabuni ni mara ngapi Cassius anatoa hoja na Brutus anaikataa. Tule kiapo: hapana. Tumwingize Cicero: hapana, yule hafuati jambo lililoanzishwa na mwingine. Antony, rafiki wa Caesar, naye afe: hapana, sisi tunatoa sadaka, hatufungui bucha. Antony asihutubie mazishini: mwacheni, nitatangulia mimi. Tusiende Philippi: tunaenda. Mara tano, na kila mara Cassius, mwenye akili zaidi ya mambo ya dunia, ananywea, kwa sababu kundi lao linalitaka jina la Brutus. Bila jina hilo mauaji ni mauaji tu. Kila aliyewahi kukaa kwenye kamati anamjua mtu wa namna hii: mwadilifu kweli, hali rushwa, na kwa sababu hiyo hasikii la mtu.

Kwenye ugomvi wa hemani kuna kipande ambacho waigizaji wageni hukipita mbio kwa hasira. Brutus anamshambulia Cassius kwa kumtetea Lucius Pella, aliyekula rushwa, na kwa kuwa na kiganja kinachowasha. Sawa. Mistari michache baadaye anamlaumu kwa kukataa kumpa dhahabu ya kulipa wanajeshi, kwa kuwa yeye Brutus hawezi kuchuma fedha kwa njia chafu. Rudieni. Anamlaani mwenzake kwa fedha chafu, halafu ananuna kwa kutopewa. Mwigizaji wa Cassius apewe sekunde mbili za kimya hapo, amtazame tu. Hadhira yetu itamalizia yenyewe.

3. Hotuba mbili, na neno moja la heshima. Brutus anahutubia kwa nathari, Antony kwa guni, yaani shairi lisilo na vina. Kama tafsiri yenu imezifanya zote mbili kuwa guni, tengenezeni, kwa sababu tofauti hiyo ndiyo inayomwonyesha Brutus akitoa hoja kama karani mbele ya watu waliokuja kulia. Tena anafanya jambo ambalo hakuna mwanasiasa wa leo angefanya: akimaliza, anaondoka, na anawaomba watu wabaki wamsikilize Antony. Mwongozaji, hakikisha anatoka jukwaani kabisa. Tumeona Brutus akisimama pembeni kusikiliza hotuba yote eti kwa sababu mwigizaji anataka aonekane.

Kabla hajatoka, kuna kilio kutoka kwenye umati ambacho hupotea kila mara kwenye makelele. Brutus ametoka kueleza kwamba wamemuua Caesar ili Roma isiwe na bwana, na raia wa tatu anaitikia: huyu awe Caesar! Mtu mmoja, sauti moja, na wengine wanyamaze nusu sekunde kabla yake. Pale ndipo mnapojua kwamba mauaji yale yamekwenda bure, na Antony bado hajafungua mdomo.

Sasa Antony. Neno lolote mnalotumia kumtaja Brutus kuwa mtu wa heshima, mwigizaji wenu atataka kulitoa kwa kejeli tangu mara ya kwanza. Mkatazeni. Na kama tafsiri yenu imeweka "mheshimiwa", mkatazeni mara mbili, maana neno hilo kwetu lina kicheko chake tayari. Mara ya kwanza na ya pili liwe la kweli kabisa, kwa sababu amepewa ruhusa ya kusema kwa masharti na wauaji bado wanapendwa. Kejeli haianzi kwake. Raia wa nne ndiye anayelitema: wasaliti wale, watu wa heshima gani! Antony akimtangulia raia huyo, hotuba imekufa. Fundi wa maneno hukuachia wewe ulifikie neno baya kwanza, ili ukitoka pale uape kwamba wazo lilikuwa lako.

Na wosia. Anautaja, anakataa kuusoma, anashuka kwenye mimbari, anaonyesha joho, anataja tundu la Cassius, la Casca, la Brutus. Kumbukeni hakuwepo. Trebonius, mmoja wa wauaji, alimvuta nje kabla ya visu kutoka. Hajui tundu lipi la nani. Kisha anafunua mwili, umati unafumuka kwenda kuchoma nyumba, na inambidi awaite warudi: mmesahau wosia niliowaambia! Watu walioulilia wosia dakika tano zilizopita wameshausahau. Hapo hadhira hucheka, na waacheni wacheke, kwa sababu baada ya hapo inakuja hesabu: drakma 75 kwa kila raia, na bustani za Caesar upande huu wa mto Tiber. Ishikeni hiyo 75.

Wakishaondoka, Antony anabaki peke yake na kusema balaa limeshaamka, na lipite njia litakayo. Ebrahim Hussein katika Kinjeketile (1969) alilishika jambo hilo kwa upande wa pili: neno likishazaliwa humzidi aliyelizaa. Kinjeketile neno lake linamtesa. Antony lake analipungia mkono wa kwaheri.

4. Tukiri. Hapa tuliokula chumvi hatuna pa kujificha, kwa sababu kosa hili hamkulianzisha ninyi. Mlilirithi kwetu.

Lilikuwa linatokea hivi, na bado linatokea hivi. Muda wa onyesho ni mfupi kuliko kitabu. Mistari ya Kiswahili inachukua pumzi nyingi kuliko ya Kiingereza, maana maneno yetu ni marefu, na mkisoma kwa saa mkononi mnakuta mmezidi. Mkasi unatafutwa. Wa kwanza kuguswa ni yule asiye na mtetezi, na kwenye Juliasi Kaizari wasio na watetezi ni wawili. Mmoja ni onyesho la tatu la tendo la tatu, mistari isiyofika 40: mshairi aitwaye Cinna anatoka nyumbani kwake, anakutana na watu, wanamuua. Hajawahi kuonekana, hataonekana tena. Wa pili ni onyesho la kwanza la tendo la nne, mistari kama 50: wanaume watatu wamekaa, wana orodha. Hakuna upanga, hakuna kilio, hakuna nafasi ya nyota wa kikundi kung'ara. Tulikuwa tunavikata vyote viwili bila hata kupiga kura. Tukiona aibu kidogo, tulisema "havisogezi kisa".

Tukawa tunatoka kwenye hotuba ya Antony, ukumbi umesimama, tunazima taa, tunaingia kwenye hema la Brutus. Na kwa kuwa hotuba ndiyo iliyokuwa inatuletea makofi, muda tuliouokoa tuliurudisha pale pale: umati mkubwa zaidi, mienge, na Mungu atusamehe, ngoma.

Tazameni mkasi ule ulikuwa unaondoa nini.

Wale raia wanaomzunguka Cinna wana namba zile zile za kwenye hotuba: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Ni watu wale wale waliolia kwa uchungu juu ya joho lenye matundu. Wanamuuliza mambo manne: jina lako nani, unakwenda wapi, unakaa wapi, umeoa au hujaoa. Hadhira ya huku kwetu haihitaji kuelezwa maana ya kusimamishwa njiani ukaulizwa jina na unakotoka. Anajibu yote, na kwa adabu na utani kidogo. Jina lake ni sawa na la mmoja wa wauaji. Anapiga kelele kwamba yeye ni Cinna mshairi, siye yule. Mmoja anasema basi auawe kwa mashairi yake mabaya. Mwingine anasema haidhuru, jina lake ni Cinna, ling'oeni tu moyoni mwake ndipo aende zake. Hotuba nzuri kuliko zote katika tamthilia ile imezaa kifo chake cha kwanza tunachokiona, na aliyekufa hakuwa na hatia hata ya kuwaza. Ukikikata, hotuba inabaki hotuba: kitu cha kukariri kwa mashindano.

Halafu orodha. Antony na washirika wake wawili, Octavius na Lepidus, wanatia alama majina ya watakaokufa. Lepidus anakubali ndugu yake wa damu auawe, kwa sharti kwamba mtoto wa dada yake Antony naye atiwe alama. Antony anasema sawa, tazama, natia nukta. Na papo hapo anamtuma Lepidus nyumbani kwa Caesar akaulete ule wosia, waangalie namna ya kupunguza yale yaliyoahidiwa. Mnakumbuka 75? Aliyewaliza watu kwa wosia ule ndiye anayeutafutia mkasi, na hata hajaufikisha tendo la tano. Lepidus akishatoka, Antony anamwita punda wa kubebeshwa mzigo.

Sisi tulikuwa tunalikata hilo. Matokeo yake, hadhira yetu ilikuwa inakwenda nyumbani ikimwamini Antony. Wanafunzi waliotazama wakaandika insha kwamba Antony ni mfano wa rafiki mwaminifu, Brutus ni mfano wa msaliti, na fundisho ni tusiwasaliti rafiki zetu. Mwalimu akiwapa maksi, au akiwanyima, kosa halikuwa lao. Waliandika walichoonyeshwa. Tuliwaonyesha mchezo mwingine kabisa, mdogo na wenye adabu, ulioamini kila alichosema Antony.

Na jukwaani penyewe palikuwa na shimo ambalo tulilihangaikia bila kulijua. Ugomvi wa hemani ulikuwa unaanguka. Waigizaji wazuri, mistari mizuri, lakini haukuwa na uzito, ukasikika kama wagomvi wawili wa kijiweni. Tukabadilisha taa, tukabadilisha waigizaji. Kumbe uzito wake unatoka kwenye orodha ile. Katikati ya onyesho la hema inakuja habari kwamba maseneta wameuawa: Messala, rafiki wa Brutus, ana barua zinazosema 100, za Brutus zinasema 70, Cicero akiwa mmojawao. Hata idadi ya maiti haikubaliwi. Anayesikia namba hizo baada ya kuiona ile orodha ikitiwa nukta, tumbo linamshika. Asiyeiona orodha anasikia takwimu.

Maonyesho yote mawili kwa pamoja, tukipimwa kwa saa, hayazidi dakika sita. Kwa hiyo mkitaka kukata, kateni hivi: utani wa fundi viatu mwanzoni kabisa, maana umejengwa juu ya maneno ya Kiingereza yanayofanana sauti na hautafsiriki (lakini acheni karipio la Marullus, mwakilishi wa raia, kuhusu Pompey aliyeshindwa na Caesar). Nusu ya mazungumzo ya dhoruba. Habari ya kifo cha mke wa Brutus, ambayo inatolewa mara mbili kwenye onyesho moja, chagueni moja. Mapigano ya tendo la tano yafupisheni mpendavyo. Na kama lazima mshairi afe kwa mkasi, kuna mshairi wa pili anayejitosa hemani kuwapatanisha Brutus na Cassius kwa vina vibovu. Huyo mchukueni, hatutawashitaki.

Raia wanne wa hotuba wawe ndio raia wanne wa Cinna, kwa nyuso na maleba yale yale. Msibadilishe hata kofia.

5. Saa. Wanapokula njama usiku, saa inagonga, na Cassius anasema imegonga tatu. Roma ya Caesar haikuwa na saa ya kugonga, liacheni hilo. Shida ni yetu. Mwigizaji akisema "saa tatu", wauaji wamekutana wakati watu wanakula ugali. Akisema "saa tisa" na fundi sauti amepiga kengele tatu, ukumbi unaangua kicheko. Aseme "imegonga mara tatu", basi. Asubuhi nyumbani kwa Caesar ni saa mbili, na hapo kengele ya nini?

6. Decius, mmoja wa wauaji, ana kazi ya ufundi, msimpe anayeanza. Caesar ameshaamua kubaki nyumbani kwa ajili ya ndoto ya mkewe Calphurnia: sanamu ya Caesar inatoka damu kama chemchemi, Warumi wanaosha mikono humo. Decius anamgeuza kwa hatua tatu, na kila hatua ishike mahali pake. Kwanza, anaipa ndoto tafsiri tamu: damu ile ni uhai ambao Roma itaunyonya kwako. Pili, taji: baraza limeamua kukupa leo, na usipokuja wanaweza kubadili mawazo. Tatu, aibu: watanong'onezana kwamba Caesar anaogopa. Sifa, tamaa, aibu. Pangeni kinyume chake na hayafanyi kazi, kwa sababu mtu huonekana mwoga mbele ya yule tu aliyekwisha kumpa sikio. Usiku uliotangulia Decius alishajigamba kwamba akimwambia Caesar anachukia wapambe, Caesar hukubali, na hapo ndipo anapopambwa zaidi.

Mstari wa Casca, wa kupita tu, kwamba Marullus na Flavius wamenyamazishwa kwa kuvua mapambo kwenye sanamu za Caesar, usikatwe kamwe.

7. Wenye Oedipus. Waigizaji wenu wanaingia wakiwa wameshajua mwisho, ndiyo maana wananuna tangu mlango wa kwanza. Jocasta ana uso wa msiba, mjumbe wa Corinth anasindikizwa na muziki wa radi. Kumbe tamthilia ile inaua kwa faraja. Jocasta anataka kumtuliza mumewe: usijali utabiri, mume wangu wa kwanza Laius aliambiwa atauawa na mwanawe, na tazama, aliuawa na majambazi pale njia tatu zinapokutana. Faraja ile ndiyo inayomtia Oedipus ubaridi, kwa kuwa njia panda ile anaijua. Mjumbe naye anakuja na habari njema na kutumaini bakshishi: baba yako Polybus amefariki, ufalme wa Corinth ni wako. Oedipus akisema bado anamwogopa mama aliyebaki, mjumbe anamwondolea hofu kwa roho safi: Polybus hakuwa damu yako. Achezwe kwa tabasamu hadi mwisho wa sentensi. Jocasta anaelewa kabla ya mtu yeyote, kwa hiyo mwangaza usimkimbie.

Na wenye kikundi kidogo msikate tamaa: Sophocles aliandikia waigizaji watatu wenye maneno, pamoja na kiitikio. Mjumbe na mchungaji wanapokabiliana mbele ya Oedipus, Jocasta ameshaingia ndani. Hesabuni, mtaona ni watatu.

8. Upanga, na nani asimame wapi. Mtunza vifaa aambiwe mapema: Cassius anakufa kwa silaha ile ile aliyomchomea Caesar, na analitamka hilo. Tumeona akifa kwa panga la mbao la rangi nyingine. Anakufa, tena, kwa habari mbovu: mtumwa wake Pindarus anatazama toka kilimani, anaona Titinius, rafiki wa Cassius, amezingirwa na wapanda farasi wanaoshangilia, anadhani ametekwa. Walikuwa marafiki wakimpongeza. Kelele zile za nje ziwe za furaha kweli, msizifiche.

Brutus anawaomba watu watatu wamsaidie kufa, wanakataa. Wa nne, Strato, anashika upanga, lakini anaomba kwanza ampe mkono. Pasiharakishwe.

Kisha Antony anakuja kumsifu Brutus, Mrumi bora kuliko wote. Ni mara ya pili anatusomea hotuba juu ya maiti, na mwigizaji akumbuke jinsi ya kwanza ilivyoishia. Lakini maneno ya mwisho si yake. Asubuhi ile Antony alimpangia Octavius upande wa kushoto wa uwanja, na kijana akachukua wa kulia. Akaulizwa kwa nini anampinga, akajibu kwamba hampingi, ila ndivyo atakavyofanya. Sasa, Antony akimaliza, asisogee hata hatua moja. Octavius apite mbele yake akitokea kulia, aamuru mwili wa Brutus ulale hemani kwake usiku huo, awaite watu wakagawane sifa za siku. Taa ya Antony izimwe sekunde tatu kabla ya ya Octavius.